Herufi Nane na Nukta: Historia ya Majina ya Faili na Programu Zinazokesha Zikitazama Folda

Fungua folda ya WhatsApp katika simu ya Android na utakutana na majina ya namna hii: IMG-20240316-WA0012.jpg. Anayejua kulisoma ataambulia mambo machache: ni picha, ni ya tarehe 16 Machi 2024, na ina namba yake katika foleni. Jina halisemi kama ni risiti ya ada, hati ya kiwanja au mtoto wa dada siku ya mahafali. Aliyetuma hakulichagua, na aliyepokea hakuulizwa.

Mvutano huu una umri mkubwa kuliko simu. Tangu kompyuta zianze kutunza kazi za watu kwenye diski, watengenezaji wa mashine wamekuwa wakiamua jina la faili liwe refu kiasi gani, liandikwe kwa herufi zipi na nani alitoe. Wenye kazi, nao, wamekuwa wakitafuta njia ya kuyatawala majina yao. Njia hizo ni programu ndogo ambazo hazipambi jalada la gazeti lolote: zile zinazobadili majina ya faili mia kwa mkupuo, na zile zinazokesha zikitazama folda ili kitu kipya kikiingia zichukue hatua. Kwa miaka mingi zilikua kila moja upande wake. Zilipokutana, zilibadilisha kazi za ofisini, za studio za picha na za mitambo ya uchapaji kuliko watu wanavyokumbuka.

Maneno mawili ya herufi sita, 1961–1969

Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo mtu alikabidhi bunda la kadi zilizotobolewa, kisha akarudi baadaye kufuata majibu. Kazi yake ilikuwa kwenye kadi, na kadi alizibeba mwenyewe, kwa hiyo hakuhitaji kuipa jina ambalo mashine ingelijua. Kazi za watu wengi zilipokusanywa kwenye diski moja, kila kazi ilihitaji jina la kuitiwa.

Katika CTSS jina lilikuwa na sehemu mbili, kila moja isiyozidi herufi sita. Sababu haikuwa na uhusiano wowote na mahitaji ya binadamu. Kompyuta za IBM za wakati ule, 7090 na 7094, zilifanya kazi kwa mafungu ya biti 36, na kila herufi ilichukua biti 6. Fungu moja lilitosha herufi sita kamili. Sehemu ya kwanza ilitaja kazi yenyewe, ya pili ikataja aina yake, na mgawanyo wa jina na aina tunao hadi leo, sasa ukitenganishwa kwa nukta.

Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann walichapisha maelezo ya mfumo wa faili wa Multics, mrithi wa CTSS. Humo ndimo folda iliruhusiwa kukaa ndani ya folda nyingine, na hiyo ndani ya nyingine tena. Multics iliruhusu majina ya herufi 32. Kama ingetawala soko, sehemu kubwa ya historia hii isingekuwepo.

Maana halisi ya kubadili jina, 1969–1983

Maabara ya Bell Labs, iliyokuwa mshirika katika Multics, ilijitoa mwaka 1969. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliobaki bila mfumo waliouzoea, walianza kutengeneza wa kwao kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7. Huo ndio ulioitwa Unix, na ndani yake kuna uamuzi mmoja ambao kila programu ya kubadili majina inauegemea hadi leo.

Katika Unix, faili yenyewe haina jina. Ina namba, na data zake zinatunzwa chini ya namba hiyo. Folda ni kama rejista ya darasa: upande mmoja jina, upande wa pili namba, na mwanafunzi mwenyewe hayumo ndani ya daftari. Katika Unix ya miaka ya 1970 kila mstari wa rejista hiyo ulikuwa na baiti 16, mbili za namba na 14 za jina. Kubadili jina, basi, ni kuandika upya mstari mmoja, na data haziguswi. Ndiyo maana kubadili jina la filamu ya saa mbili kunamalizika upesi sawa na kubadili jina la barua ya ukurasa mmoja.

Lakini amri ya mv, iliyotumika kubadili majina, ilikuwa na kasoro iliyofichika. Mfumo haukuwa na tendo moja la kubadili jina. Amri ilifanya mambo mawili: iliongeza jina jipya kwenye rejista, kisha ikafuta la zamani. Kama jina jipya lilikuwa tayari linatumiwa na faili nyingine, ilibidi hilo nalo lifutwe kwanza. Umeme ukikatika katikati, ulibaki na faili yenye majina mawili, au na nafasi tupu pale ulipotarajia kukuta faili. Kwa barua ya kawaida ni usumbufu. Kwa orodha ya nywila za watumiaji wote wa mfumo ni balaa.

Dawa ilikuja mwaka 1983 katika toleo la 4.2BSD kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mfumo mpya wa faili uliotengenezwa na Marshall Kirk McKusick na wenzake uliongeza urefu wa jina hadi herufi 255, na pamoja nao likaja tendo jipya la mfumo lililoitwa rename. Programu yoyote inayotazama jina lile italikuta likielekeza kwenye faili ya zamani au kwenye faili mpya, hakuna nusu. Naliona tendo hili kuwa miongoni mwa zawadi kubwa ambazo mtumiaji wa kompyuta amepewa bila kujua. Programu nyingi za kuandikia zinapohifadhi kazi yako, huandika nakala mpya pembeni kwa jina la muda, na ikikamilika ndipo hupewa jina la faili ya zamani. Ukikatikiwa na umeme unabaki na nakala ya jana au ya leo, iliyo nzima.

Jina tayari lilikuwa limeanza kutumika pia kama ishara. Katika mfumo wa kuchapa wa Berkeley, kila kazi ya printa iliwekwa kwenye folda ya foleni ikiwa na karatasi yake ya maelekezo. Karatasi hiyo ilianza na jina lenye herufi tf wakati inaandikwa, na ilipokamilika ikageuzwa kuwa cf. Programu iliyosimamia printa ilitafuta cf tu. Hakuna aliyetuma ujumbe wala kupiga kengele. Kubadilika kwa jina kulitosha kusema kwamba kazi iko tayari.

Ila mtu mwenye faili mia alikuwa hajasaidiwa bado. Kwenye Unix huwezi kuandika mv *.txt *.doc na kutarajia kila faili ibadilike, kwa sababu alama ya nyota hufumbuliwa na programu ya amri kabla mv haijaiona. Watu waliandika vijiprogramu vya mistari mitatu minne vya kuzunguka tatizo hilo, kila mtu cha kwake. Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake wa ziada hapa: ukiandika ng'ombe.txt kwenye mstari wa amri, alama ile ya ritifaa huhesabiwa kuwa mwanzo wa nukuu, na mashine hukaa kimya ikisubiri uifunge.

Nane kwa tatu, 1974–1995

Wakati Unix ikikua vyuoni, Gary Kildall alikuwa ameandika CP/M, mfumo wa kompyuta ndogo zenye diski laini, mwaka 1974. Nafasi ilikuwa finyu, kumbukumbu finyu zaidi. Kila faili ilipewa baiti 32 kwenye orodha ya diski, na ndani yake jina lilipata herufi nane na aina yake herufi tatu. Mwaka 1980 Tim Paterson, katika kampuni ya Seattle Computer Products, aliandika mfumo ulioiga mpangilio huo ili programu za CP/M zihamishike kwa urahisi. Microsoft iliununua, na Agosti 1981 ukatoka na kompyuta ya IBM PC kwa jina la DOS. Hivyo ndivyo uamuzi wa kubana nafasi kwenye diski za 1974 ulivyogeuka sheria ya ofisi za dunia nzima kwa zaidi ya miaka 20. Folda zenyewe zilichelewa: DOS haikuwa nazo hadi toleo la 2.0, Machi 1983.

DOS ilikuwa na amri ya REN, na katika jambo moja iliishinda Unix. REN *.TXT *.DOC ilifanya kazi, kwa kuwa nyota zilifumbuliwa na amri yenyewe. Lakini haikwenda mbali zaidi ya hapo. Haikuweza kuongeza namba za mpangilio wala kusoma tarehe.

Tanzania iliingia katika hadithi hii kwa kuchelewa, kwa sababu ya marufuku ya mwaka 1974 ya kuingiza kompyuta nchini, ambayo iliondolewa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Kwa hiyo ofisi nyingi zilikutana na kompyuta moja kwa moja kupitia DOS na Windows za mwanzo, na makatibu muhtasi wakalazimika kujifunza ufupisho wa pekee. Barua ya madai ya kiwanja namba 14 Sinza iligeuka BMKSIN14.DOC. Aliyeiandika aliielewa. Aliyerithi dawati lake alifungua faili moja baada ya nyingine hadi aikute.

Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliruhusu majina hadi herufi 255. Ilivyofanya ni ufundi wa kusifiwa. Jina refu lilikatwa vipande vya herufi 13, na kila kipande kikawekwa kwenye nafasi yake ya baiti 32 katika orodha ya diski, kikiwa na alama ambazo zikikutana pamoja huzifanya programu za zamani zikiruke. Pembeni yake lilitunzwa jina fupi kwa ajili ya programu hizo. Faili uliyoiita Barua ya madai ya kiwanja.doc ilionekana kwao kama BARUAY~1.DOC, na Barua ya majibu.doc ikawa BARUAY~2.DOC. Yeyote aliyewahi kunakili faili kwa programu ya DOS kwenye kompyuta ya Windows anazikumbuka alama hizo za wimbi, na hasara ya kupoteza majina aliyoyatunga kwa uangalifu.

Ufundi huo ulikuwa na hataza. Februari 2009 Microsoft iliishtaki kampuni ya TomTom, iliyotengeneza vifaa vya kuongozea madereva vinavyotumia Linux, na miongoni mwa hataza zilizotajwa zilikuwamo za kutunza jina refu na jina fupi kwa pamoja. Walipatana mwezi uliofuata, na mwandishi wa programu Andrew Tridgell akatengeneza marekebisho ya Linux ili mfumo usiandike majina yote mawili. Namna ya kuandika jina la faili ilikuwa imefikishwa mahakamani.

Safu mbili: la zamani kushoto, jipya kulia, 1986–2001

Larry Wall, mwandishi wa lugha ya Perl iliyotoka 1987, aliandika kijiprogramu kifupi kilichoitwa rename. Kilipokea kanuni badala ya jina: tafuta hiki ndani ya kila jina, weka kile. Amri kama rename 's/JPG$/jpg/' *.JPG ilishughulikia faili elfu kwa mstari mmoja. Mwaka 1990 Vladimir Lanin alitoa mmv, iliyokuwa na hekima ya aina nyingine. Iliangalia migongano yote kabla ya kugusa faili hata moja. Ukitaka sura1 iwe sura2, sura2 iwe sura3, sura3 iwe sura4, na ukaanza na ya kwanza, utaifuta sura2 kabla hujaihamisha. Lazima uanze mwishoni. Na kama majina yanazunguka, la kwanza lichukue nafasi ya la mwisho na la mwisho la kwanza, lazima moja lipewe jina la muda. mmv ilipanga hayo yenyewe.

Kwa watu wasiotumia mstari wa amri, mlango ulifunguliwa na programu za safu mbili. John Socha alitengeneza Norton Commander mwaka 1986, ikionyesha folda mbili bega kwa bega, na wengi waliiga. Mswisi Christian Ghisler alitoa yake kwa ajili ya Windows mwaka 1993, kwa jina la Windows Commander, ambalo mwaka 2002 lilibadilishwa kuwa Total Commander kwa sababu ya neno Windows. Ndani yake kuna dirisha la kubadili majina mengi: unaandika [N] kwa jina la zamani, [C] kwa namba ya mpangilio, [Y] kwa mwaka, na papo hapo orodha inakuonyesha jina la zamani na lile litakalokuwa. Ukikosea, kuna kitufe cha kurudisha yote.

Kwangu mimi, hiyo orodha ya kuonyesha kabla ya kutenda ndiyo hatua kubwa kupita zote katika kipindi hiki. Kosa la jina halionekani mara moja kama kosa la hesabu. Linaonekana miezi sita baadaye, faili inapotafutwa na haipatikani. Kumwonyesha mtu majina 300 mapya kabla hayajaandikwa ni kumpa nafasi ya kuona kwamba namba zimeanzia pasipotakiwa, au kwamba zinahitaji sifuri mbele. Bila sifuri, mashine iliyopanga kwa herufi iliweka Sura 10 kabla ya Sura 2, na ndivyo Windows ilivyofanya hadi Windows XP ya mwaka 2001 ilipoanza kuzisoma namba kama namba. Bulk Rename Utility, Ant Renamer, KRename kwenye Linux na A Better Finder Rename kwenye Mac zote zilifuata njia hiyo ya kuonyesha kwanza.

Kamera yaanza kutoa majina, 1995–2008

Hadi hapo watu wengi walikuwa na faili walizoziandika wenyewe. Kamera za dijitali zilibadili hesabu: jioni moja ilileta faili mia nne, na hakuna hata moja iliyopewa jina na binadamu.

Mwaka 1998 watengenezaji wa Japani, kupitia chama chao cha JEIDA, walikubaliana juu ya kanuni iliyoitwa DCF, ili kadi ya kamera moja isomeke kwenye kifaa cha kampuni nyingine. Picha zikae kwenye folda ya DCIM. Ndani yake folda zianze na namba kuanzia 100 hadi 999. Jina la picha liwe na herufi nne za mtengenezaji na tarakimu nne, kuanzia 0001 hadi 9999. Jumla ni nane, kisha nukta, kisha tatu. Kadi za kumbukumbu zilitumia mfumo wa diski wa DOS, kwa hiyo ufinyu wa 1974 ukaingia ndani ya kamera, na folda ya DCIM bado imo kwenye simu uliyo nayo.

Hasara yake ilionekana kwenye kazi za harusi. Wapiga picha wawili ukumbini, kamera za kampuni moja, wote wana DSC_0451. Wakimwaga kadi zao kwenye folda moja ya kompyuta, mashine inauliza kama ifute iliyopo. Anayebonyeza ndiyo kwa haraka anapoteza picha bila kuiona. Na kamera moja pekee, baada ya kufika 9999, hurudi 0001 na kuanza kutumia upya majina yake yenyewe.

Kanuni nyingine ndiyo iliyotoa dawa. JEIDA hiyohiyo ilitoa mwaka 1995 mpangilio wa Exif, unaoweka ndani ya picha maelezo yake: aina ya kamera, mwanga uliotumika, na siku na saa ya kupigwa. Phil Harvey alianza mwaka 2003 kutoa ExifTool, programu ya Perl inayosoma na kuandika maelezo hayo, na inaweza kuipa kila picha jina kutokana nayo. Picha iliyopigwa saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri inaitwa 2008-08-16_15-42-07.jpg. Mwaka ukitangulia, mpangilio wa herufi na mpangilio wa wakati vinakuwa kitu kimoja, na ndiyo namna ya kuandika tarehe iliyowekwa na kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 mwaka 1988.

Kazi haikuisha hapo. Saa ya Exif kwa kawaida ilihesabu kwa sekunde, na kamera ya kasi ilipiga picha tano ndani ya sekunde moja, hivyo jina lilihitaji namba ya ziada. Saa za kamera mbili zilipishana, na picha za kukata keki zikajipanga kabla ya zile za maharusi kuingia. Ilibidi saa ya kamera moja isogezwe kwanza, kisha majina yafuate. Mpiga picha aliyejifunza utaratibu huo aliokoa siku nzima ya kupanga, na aliweza kumkabidhi mteja albamu iliyosimulia sherehe kwa mfuatano wake.

Zinazokesha, 1979–2008

Nani atabonyeza kitufe cha kubadili majina, na lini? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kupiga doria. Unix ya toleo la saba, mwaka 1979, ilikuja na cron, programu ya Ken Thompson iliyoamka kila dakika kuangalia kama kuna kazi ya kufanya. Uliweza kuiagiza ipitie folda na kuishughulikia kila faili mpya. Adobe, katika miaka ya 1990, iliweka utaratibu wa aina hiyo ndani ya Acrobat Distiller: weka faili kwenye folda ya In, itatokea kama PDF kwenye folda ya Out. Mitambo ya uchapaji ililipenda wazo hilo, maana msanifu wa kurasa hakuhitaji kujifunza programu mpya. Aliweka faili mahali, basi.

Doria ina gharama. Ukipita kila dakika, faili inaweza kusubiri karibu dakika nzima. Ukipita kila sekunde, kwenye folda ya faili elfu ishirini, diski haipumziki. Kilichotakiwa ni kiini cha mfumo chenyewe kutoa taarifa, kwa kuwa hakuna faili inayozaliwa, kufutwa au kubadilishwa jina bila kupitia kwake. Silicon Graphics ilikuwa na programu ya FAM kwenye kompyuta zake, na Windows NT ya mwaka 1993 iliweka ndani ya mfumo uwezo wa kuomba kuarifiwa folda inapobadilika.

Linux ilifika kwa kujikwaa. Toleo la 2.4, mwaka 2001, lilikuwa na dnotify, ambayo ililazimisha programu kushikilia kila folda iliyotaka kuitazama ikiwa wazi. Ukichomeka diski ya flashi na programu ikaanza kuitazama, mfumo ulikataa kuiachia, kwa kuwa bado inatumika. Isitoshe, taarifa ilisema tu kwamba kuna kitu kimebadilika, bila kutaja ni kipi, na ilibidi folda ipitiwe yote upya. John McCutchan na Robert Love waliandika mbadala wake, inotify, iliyoingia katika toleo la 2.6.13 Agosti 2005. Hii ilitaja faili na tendo. Faili ikibadilishwa jina, hutoa taarifa mbili, ya kuondoka kwa jina la zamani na ya kufika kwa jipya, zikiwa na namba moja ya kuziunganisha. Faili ikihamishiwa nje ya folda zinazotazamwa, nusu ya pili haiji kamwe, na mwandishi wa programu asiyejua hilo hubaki akisubiri.

Apple ilichukua njia tofauti katika Mac OS X 10.5, Oktoba 2007. FSEvents yake huandika kumbukumbu kwenye diski ya folda zilizobadilika, na programu inaweza kuuliza nini kimetokea tangu mara ya mwisho, hata kama haikuwa imewashwa. Time Machine, iliyotoka pamoja nayo, ilitegemea hilo ili isipitie diski nzima kila saa. Mwaka uliofuata Dropbox ilifunguliwa kwa umma, na watu wakazoea folda inayojinakili yenyewe kwenye kompyuta nyingine bila kufikiri kwamba kuna kitu kinakesha nyuma yake.

Ugumu mmoja kila mwandishi wa programu hizi ameupitia. Skana inapomwaga hati ya kurasa mia kwenye folda, taarifa ya kuzaliwa kwa faili inakuja wakati baiti za kwanza tu zimeandikwa. Programu yenye pupa huichukua hapohapo, huibadili jina, na kuituma kwa mkubwa ikiwa nusu. Wengine husubiri ukubwa wa faili uache kuongezeka. inotify ina taarifa maalumu ya faili kufungwa baada ya kuandikwa. Lakini njia imara ni ile ya printa za Berkeley: andika kwa jina la muda, kisha badili jina. Chrome inapopakua faili huipa mwisho wa .crdownload, Firefox huongeza .part, na kila programu ya kukesha iliyoandikwa vizuri inajua kuyapuuza majina hayo hadi yabadilike.

Paul Kim, kupitia Noodlesoft, alitoa Hazel kwa ajili ya Mac mwaka 2006, na humo kazi hizi mbili zilikaa chini ya paa moja kwa mtu asiyejua kuandika programu. Unaeleza kanuni: PDF yoyote ikiingia kwenye folda ya vipakuliwa, ikiwa ndani yake kuna jina fulani, iite kwa tarehe na mada, ihamishie kule. Kisha unaisahau.

Jina kama silaha, 2000–2017

Mei 2000 barua pepe zilisambaa zikiwa na kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows, kwa kawaida yake, ilificha sehemu ya mwisho ya jina, na watu waliona barua ya maandishi tu. Waliofungua waliendesha programu iliyoandika nakala zake juu ya picha zao za JPG na kuziongezea .vbs. Uamuzi wa kuwaficha watu nusu ya jina la faili, uliofanywa ili kompyuta ionekane rahisi, uliwagharimu wengi kumbukumbu zao.

Programu hasidi ya WannaCry, Mei 2017, ilizifunga faili kwa usimbaji na kuzibandika .WNCRY, katika hospitali na viwanda vya nchi nyingi. Programu za ulinzi zilijifunza kuitambua tabia hiyo: mamia ya faili kubadilika na kupewa mwisho mpya ndani ya muda mfupi ni dalili. Oktoba mwaka huohuo Windows 10 ilipata ulinzi wa folda unaozuia programu isiyojulikana kugusa faili za mtumiaji. Utazamaji wa folda, uliozaliwa kuhudumia printa na barua, ulikuwa umegeuka kazi ya usalama.

Simu na vibali, 2014 hadi sasa

Apple iliweka kubadili majina kwa mkupuo ndani ya mfumo wake wa Mac Oktoba 2014. Microsoft ilitoa PowerRename mwaka 2019, nje ya Windows, kama nyongeza ya bure kwa anayeitafuta. Kilichokuwa kazi ya wapenzi wa programu ndogo za pembeni kilikubaliwa hatimaye kuwa hitaji la kila mtu.

Wakati huohuo uwanja ulihama. iPhone haikuwa na programu yake ya kupangia faili hadi iOS 11, Septemba 2017, miaka kumi baada ya simu hiyo kutoka. Android ilikuwa wazi zaidi, lakini kuanzia toleo la 10 na hasa la 11, mwaka 2020, Google ilizizuia programu kuingia katika folda zisizo zao, kwa sababu nzuri ya kuzuia wizi wa data. Programu ya kubadili majina au kutazama folda katika hifadhi yote ya simu sasa inahitaji kibali maalumu cha kufikia faili zote, mwenye simu akubali mwenyewe kwenye mipangilio, na mwandishi wake aieleze Google kwa nini anakihitaji kabla haijaruhusiwa kwenye Play Store. Programu za kupanga faili zimo katika orodha ya zinazokubaliwa. Mwanafunzi wa Mbeya au Kisumu anayetaka kuandika ya kwake, ya kuzipa majina picha za WhatsApp za kikundi cha ukoo kwa tarehe na tukio, atalazimika kutoa maelezo hayo akitaka kuiweka Play Store.